Kabla ya Pengo: Usafishaji wa Meno Kliniki na Lugha Inayouficha

Wahenga walinena ya kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Ni methali ambayo mwanafunzi aliyepitia shule za Kenya ameikariri, akaieleza katika insha na akatuzwa alama kwa kutaja maana yake ya ndani: kwamba cha kubandika hakitoshelezi mahali pa kilichopotea. Maana yake ya juu husahaulika haraka. Hapo zamani palikuwa na mtu, palikuwa na jino lililokwenda, na palikuwa na fundi aliyechonga kipande cha pembe ili kuuziba uwazi. Methali inaanza baada ya msiba. Haisemi lolote kuhusu miaka kumi au ishirini iliyoutangulia msiba huo, wakati jino lilipokuwa bado limesimama na ufizi umeanza kutoka damu.

Ukiifungua hazina ya msamiati wa Kiswahili kuhusu kinywa, utakuta hali iyo hiyo. Lugha imejaaliwa maneno ya meno yalivyo: gego, chonge, mwanya. Imejaaliwa pia maneno ya meno yanavyokwisha: pengo, kibogoyo, kung'oka, kung'oa. Msemo unaorudiwa barazani na hata katika vyumba vya kungojea hospitalini ni kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Baina ya jino zima na pengo, linalosemwa kila siku ni moja tu, kupiga mswaki. Kile kitendo kingine, kinachofanywa na mtaalamu kwa vyuma na maji ili kuondoa kile ambacho mswaki hauwezi kukiondoa, hakina jina lililotulia. Huitwa tu "kusafishwa meno". Makala haya yanadai kuwa jina hilo ni sehemu ya sababu za Wakenya wengi kutokifanyiwa kitendo chenyewe, na kwamba jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kama linavyowahusu madaktari.

Chukua mfano wa mama wa makamo aliyeamka alfajiri, akapiga mswaki, akavaa nguo zake za kutokea na kupanda matatu hadi hospitali ya kaunti kwa sababu fizi zinamtoka damu. Baada ya kumtazama, daktari kijana anamwambia, "Mama, meno yako yanahitaji kusafishwa." Anachosikia mama huyo sicho alichokikusudia daktari. Anasikia kwamba yeye ni mchafu. Kumwambia mtu mzima kuwa kinywa chake ni kichafu ni tusi, tena likitoka kwa mtu aliye rika la mwanawe ni tusi mara mbili. Atajibu kwa adabu kwamba amepiga mswaki asubuhi ile ile, na moyoni ameshaazimia kutorudi. Barobaro wa mjini naye akiambiwa maneno yayo hayo husikia urembo: meno meupe ya picha ya harusi. Huuliza bei, akaona ni anasa ya wenye nazo, akaahirisha. Wote wawili wamerejea nyumbani na ukoga wao.

Neno hilo, ukoga, ndilo linalostahili kushikwa hapa. Katika matumizi ya kawaida ukoga ni uchafu wowote unaoshika meno, uwe laini au mgumu. Lakini tofauti ya laini na mgumu ndiyo kiini cha jambo zima. Kilicho laini ni utando wa vijidudu. Utando huo haukosekani kwa yeyote, awe tajiri au fukara, na huanza kujijenga upya saa chache tu baada ya jino kusuguliwa. Mnamo mwaka wa 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua kitu cheupe kilichokuwa kati ya meno yake mwenyewe, akakitia chini ya hadubini aliyoiunda kwa mikono yake, na akawaandikia wanasayansi wa London kwamba ameona viumbe vidogo vikiogelea humo. Alikuwa mtu aliyejivunia usafi wa meno yake. Hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba kuwa na utando si kuwa mchafu.

Utando ukiachwa mahali pamoja bila kuguswa, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo katika mate huanza kuugandisha. Hugeuka ukawa kitu kigumu mfano wa chokaa iliyoshika ndani ya birika la chai. Hujikusanya hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa nje wa magego ya juu, kwa kuwa ndipo mate yanapomiminikia. Ukishafika hatua hiyo mswaki hauna nguvu tena juu yake, hata uwe mpya, hata dawa ya meno iwe ya bei gani (na ikumbukwe kuwa kwa Wakenya wengi kila dawa ya meno ni Colgate, hata ile isiyotoka kwa kampuni hiyo). Anayesugua kwa nguvu zaidi huumiza ufizi tu na kuacha ukoga ulipo. Uso wa ukoga mgumu ni wenye vishimo vishimo, nao hushika utando mpya kwa urahisi; hivyo ufizi ulio karibu hauponi hata mwenye kinywa awe na bidii kiasi gani. Anachofanya mtaalamu ni kukivunja na kukikwangua kigaga hicho, ama kwa chuma chembamba cha mkono, ama kwa kifaa kinachotetema kwa kasi huku kikirusha maji, juu ya ufizi na chini yake kidogo. Kisha huyalainisha meno ili utando usipate pa kushika. Si kung'arisha, wala si kuyapaka meno rangi.

Kwamba utando ndio unaoumiza ufizi hakukuthibitishwa vizuri hadi mwaka wa 1965, na waliothibitisha walikuwa kwa sehemu kubwa wanafunzi. Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri, wengi wao wakiwa wanasomea udaktari wa meno, waache kabisa kupiga mswaki. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporuhusiwa kushika miswaki yao tena, fizi zilipona katika muda wa wiki moja hivi. Jaribio hilo lina mafunzo mawili, na mara nyingi husimuliwa moja tu. La kwanza ni kwamba ufizi unaotoka damu ni ugonjwa wenye chanzo; si kawaida ya mtu wala si urithi wa ukoo. La pili ni kwamba kazi kubwa ni ya mswaki wa nyumbani. Mtaalamu hamtendei mtu kazi ya mswaki. Anamwondolea kizuizi ili mswaki uweze kufanya kazi yake.

Yafaa sasa kukabili hofu iliyoenea kuliko zote, nayo ni kwamba kusafishwa meno huyalegeza. Hofu hii husikika Mombasa, husikika Kisumu, na wenye kuisema si wajinga. Wanasema walichokiona. Mtu aliingia kliniki meno yakiwa yameshikana kama ukuta; akatoka ana nyufa kati ya jino na jino, maji baridi yanamchoma, na meno ya mbele yanacheza anapoyagusa kwa ulimi. Ushahidi gani zaidi unatakiwa?

Jibu ni kwamba alichokiona ni kweli, ila mpangilio wa sababu na tokeo umepinduliwa. Kwa miaka mingi ukoga ulikuwa umeziba nyufa hizo kama udongo unavyoziba ufa wa boma, na chini yake mfupa unaolishikilia jino ulikuwa ukiliwa polepole. Ufizi uliovimba ulikuwa umepanda juu ukafunika shingo ya jino. Udongo ulipobanduliwa, ufa ulionekana. Uvimbe ulipotulia, ufizi ulishuka, na sehemu ya mzizi iliyokuwa imefichwa ikakutana na maji ya baridi kwa mara ya kwanza. Meno yaliyokuwa yameunganishwa na ukoga yakasimama kila moja peke yake, na yale yaliyokwisha kupoteza mfupa yakaanza kucheza. Kliniki haikumlegeza mtu huyo, ilimwonyesha alivyokuwa. Na kosa la kliniki, ambalo si dogo, ni kutomweleza haya kabla ya kuwasha mashine. Mgonjwa aliyeambiwa mapema kwamba ataona nyufa huziona nyufa hizo kama habari. Asiyeambiwa huziona kama jeraha alilotiwa, na atawasimulia jirani, shemeji na mwenzake wa kazini. Mtu mmoja aliyefanyiwa hivyo bila maelezo aweza kuwazuia ishirini.

Hapa patazuka swali la haki kutoka kwa msomaji mwenye kufuatilia mambo: je, si kweli kwamba wanasayansi wenyewe wameanza kuitilia shaka kazi hii? Ni kweli, na lingekuwa jambo la aibu kulificha. Mapitio ya Cochrane yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalikusanya tafiti mbili zenye washiriki 1,711 kutoka kliniki za kawaida za Uingereza. Yaliwalinganisha watu waliosafishwa meno kila miezi 6, waliosafishwa kila miezi 12, na wasiopangiwa ratiba yoyote. Baada ya miaka 2 hadi 3, fizi za makundi hayo zilikuwa karibu sawa. Tofauti iliyojitokeza ni kwamba waliosafishwa walikuwa na ukoga mgumu pungufu kidogo na walihisi meno yao ni safi zaidi. Basi ile desturi ya kwenda kliniki kila nusu mwaka, ambayo wengi huisema kama sheria iliyoshushwa, haina msingi imara kwa mtu mwenye fizi nzuri.

Hata hivyo, waliochunguzwa ni nani? Ni watu wazima wasio na ugonjwa mkali wa fizi, ambao tayari walikuwa na mazoea ya kumwona daktari wa meno mara kwa mara. Kuyachukua matokeo yao na kumvika mkulima wa Kitui ambaye hajawahi kuketi katika kiti cha daktari wa meno maishani mwake ni sawa na kumwambia aliyeshinda na njaa kwamba chakula cha nne kwa siku hakina faida. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima wote waliochunguzwa, asilimia 98 hivi, walikuwa na fizi zinazotoka damu. Hao si watu wa kubishania miezi 6 au 12. Swali lao ni lini mara ya kwanza.

Ila hata hapa pana onyo jingine, tena limetoka papa hapa Kenya. Mwaka wa 1988 Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu 1,131 wa Machakos wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Walikuta utando kwenye nyuso nyingi za meno na ukoga mgumu kwa wingi. Kwa fikra za wakati huo, watu kama hao wangetarajiwa kuwa vibogoyo wakifika miaka arubaini. Haikuwa hivyo. Mifuko ya ufizi yenye kina cha milimita 4 au zaidi ilikuwa kwenye chini ya asilimia 20 ya nyuso zilizopimwa, na uharibifu mkubwa ulikuwa umewaelemea wachache huku wengi wakinusurika. Utafiti huo uliitikisa dhana iliyokuwa imeota mizizi vitabuni, kwamba kinywa cha Mwafrika kimeandikiwa kuoza fizi.

Wapo wanaousoma utafiti wa Machakos kama ruhusa ya kuacha mambo yalivyo. Usomaji huo ni finyu. Ikiwa ukoga umewashika wote lakini maangamizi yanawafikia baadhi tu, basi linalotakiwa ni kuwatambua hao baadhi mapema, na hakuna awezaye kujitambua kwa kujitazama kiooni. Ugonjwa wa fizi hauumi. Jino lililotoboka humwamsha mtu usiku wa manane; ufizi unaoliwa hunyamaza hadi jino liregee. Kwa hiyo thamani ya ziara ya kliniki imo katika mambo mawili yanayofanywa kwa pamoja: ukoga unakwanguliwa, na anayeukwangua anapima kina cha ufizi na kumwambia mgonjwa kama ni wa kurudi baada ya miezi mitatu au baada ya miaka miwili. Kliniki inayofanya la kwanza na kuliacha la pili imeuza nusu ya huduma kwa bei kamili.

Kwamba mpango wa namna hiyo waweza kuzaa matunda kulionyeshwa na Per Axelsson na Jan Lindhe katika mji wa Karlstad, Sweden. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliwafuata watu wazima waliofundishwa kwa makini kujisafisha nyumbani na kusafishwa kliniki kadiri ya mahitaji ya kila mmoja. Ripoti ya mwaka wa 2004, baada ya miaka 30, ilionyesha kuwa kwa wastani mtu alikuwa amepoteza chini ya meno mawili katika muda huo wote, na mengi ya yaliyopotea yalivunjika mizizi. Hayakuliwa na ugonjwa wa fizi. Sweden si Kenya, na Karlstad si Lodwar. Lakini ufizi wa Mswidi na wa Mturkana umefumwa kwa nyuzi zile zile.

Nani basi ataifanya kazi hii? Wazo kwamba si lazima iwe daktari ni la zamani. Mwaka wa 1906 Alfred Fones, daktari wa meno wa Bridgeport nchini Marekani, alimfunza msaidizi wake Irene Newman kuwasafisha watu meno, na mwaka wa 1913 akafungua shule ya kuwafunza wengine, ambao baadaye waliingia katika shule za watoto mjini humo. Kenya ilianza kuwafunza madaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1974, na Chuo cha KMTC hufunza maafisa wa afya ya kinywa wa jamii, ambao kazi hii wanaijua. Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka wa 2013, uamuzi wa kuwaajiri maafisa hao au kutowaajiri umo mikononi mwa serikali za kaunti. Afisa mmoja mwenye vyuma safi, taa nzuri na kiti kinacholala aweza kuzuia mapengo mengi kuliko chumba kizima cha kung'olea.

Pana jambo ambalo lugha inalikosea vibaya zaidi, nalo ni rangi. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru hadi Naivasha na kwingineko, maji ya visima vingi hutoka katika miamba ya volkano yakiwa na madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi huota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo yamo ndani ya jino lenyewe. Si ukoga, si chai, si miraa. Hayakwanguliki. Na bado mwanafunzi kutoka Nakuru anayeingia shule ya bweni ya Nyanza au Pwani huitwa mwenye "meno machafu", akafundishwa na wenzake kuyasugua kwa mkaa au mchanga, akaimaliza ganda la juu la meno asiyekuwa na kosa nayo. Maadamu "kusafisha" ni neno moja linalobeba kusugua utando, kukwangua ukoga, kufuta doa la chai na kubadili rangi ya kuzaliwa nayo, mwanafunzi huyo hatakuwa na maneno ya kujitetea. Ataenda kliniki kuomba asafishwe, atakwanguliwa, ataondoka na kahawia yake, na atahitimisha kwamba kliniki ni ya wezi.

Kwa wagonjwa wa kisukari hoja ina uzito wa pekee. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka wa 2022, yalionyesha kwamba kutibu ugonjwa wa fizi, ambako msingi wake ni kukwangua ukoga wa juu na wa chini ya ufizi, hushusha kipimo cha sukari cha muda mrefu kwa asilimia 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4. Ni kiasi kidogo kwa sura, ila ni kiasi ambacho madaktari hukitafuta kwa dawa za nyongeza. Kwa upande wa wajawazito yafaa kuwa mwangalifu. Fizi zao hutoka damu upesi na kuwatibu ni salama, lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka wa 2006 haukuona kwamba matibabu hayo yaliwazuia kujifungua kabla ya wakati. Anayewahubiria kina mama kinyume cha hayo, hata kwa nia njema, anaijenga kliniki yake juu ya mchanga.

Isidhaniwe kwamba Waswahili hawakujua thamani ya kinywa. Neno mswaki lenyewe lilikuwa la mti kabla ya kuwa la plastiki, na mti huo, Salvadora persica, unaota hadi leo katika maeneo makavu ya nchi, na kijiti chake bado kinauzwa. Msikitini kabla ya swala, malishoni nyuma ya ngamia, kijiti hicho kimefanya kazi ya utando laini kwa karne nyingi, na Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka wa 1986. Jamii hizi zilikuwa na neno kwa sababu zilikuwa na kitendo. Chuma cha kukwangulia kimekuja baadaye, kikiwa na jina la Kiingereza, na hakuna aliyejishughulisha kukipokea kwa lugha ya mwenye meno.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili katika ibara ya 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Ibara hizo mbili hukutana mahali pengi, na mojawapo ni kiti cha daktari wa meno. Hata hivyo, maelezo yatolewayo katika kliniki nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ama hayaandikwi kabisa. Wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu hujadili kwa ari uundaji wa istilahi za isimu na fasihi, wakabishana juu ya fonimu na viambishi, na ni vyema. Lakini mama wa makamo wa hospitali ya kaunti hatapata hasara akikosa neno la fonimu.

Neno litakalofaa halina haja ya kutafutwa mbali. "Kukwangua ukoga" hueleweka papo hapo na halimtusi mtu, kwa kuwa linataja kinachoondolewa na kumwacha kando mwenye kinywa. Wapo watakaopendelea "kupara ukoga", wakikumbuka mvuvi anavyompara samaki magamba; ni neno zuri kwa Mpwani, ingawa mgonjwa aweza kutishika akijiona samaki. Utando laini na ubaki kuitwa utando, ukoga uwe ni ule ulioganda, na doa liitwe doa. Neno moja tu linahitaji tahadhari. Kiswahili cha asili kinasema meno yamekufa ganzi pale yanapochomwa na ukali wa limau au baridi, na lingefaa sana kuelezea kile anachokisikia mtu baada ya kukwanguliwa. Lakini hospitalini ganzi sasa ni ya sindano, ile inayoondoa maumivu. Mgonjwa akiambiwa atasikia ganzi kwa siku tatu, atadhani hatahisi kitu.

Chama cha Kiswahili cha chuo chochote kilicho karibu na hospitali ya kaunti kinaweza kuanza na karatasi moja, ukubwa wa kiganja, itakayosomwa na mgonjwa kabla ya mashine kuwashwa na kupelekwa nyumbani baadaye. Maneno yake yaweza kuwa haya:

"Ukoga ulioganda kwenye meno yako utakwanguliwa leo. Ukoga huu hautoki kwa mswaki, hata upigwe vipi. Kila mtu huweza kuwa nao. Meno yako hayatapunguzwa wala hayatapakwa rangi. Ukiona uwazi kati ya meno, ni pale palipokuwa na ukoga. Maji baridi yanaweza kukuchoma kwa siku chache, kisha yataacha. Endelea kupiga mswaki taratibu asubuhi na usiku, hata kama fizi zinatoka damu kidogo. Zikiwa bado zinatoka damu baada ya wiki mbili, rudi. Kina cha fizi zako kimepimwa. Tarehe ya kurudi: ..........."